Chuma kimeungua kikaongezeka uzito: uchambuzi wa kisa cha darasa moja la kemia

Kisa chenyewe ni cha darasa la sekondari, wanafunzi wa mwaka wa pili, ambao walikuwa wameshamaliza mada ya maada na hali zake tatu, wameshafundishwa atomi na elementi, na wiki hiyo ndo walikuwa wanaingia kwenye mabadiliko ya kikemia. Mwalimu wao ni mwenzangu kikazi, akaniomba nikae benchi la nyuma nisikilize watoto wanasema nini, nisihangaike sana kumwangalia yeye anafundishaje. Nililipenda hilo ombi manake sisi walimu tukikaguana huwa macho yote yako kwa mwalimu, kaandikaje ubaoni, katumia zana gani, kamaliza kwa muda au hajamaliza, alafu kilichomo vichwani mwa watoto hakuna anayekiuliza.

Kwa karatasi hili darasa lilikuwa zuri tu. Ukiwauliza atomi ni nini wanakujibu vizuri, ukiwauliza kanuni ya uhifadhi wa maada inasemaje wanakuambia maada haiumbwi wala haiteketezwi, ukiwapa milinganyo rahisi wanaibalansi, yaani atomi zinalingana idadi pande zote mbili. Sasa mwalimu alikuwa na wasiwasi kwamba haya yote yamekaa mdomoni tu, na akachagua jaribio moja la kulipima hilo.

Akaweka mezani bonge la nyuzi nyembamba za chuma, zile stiliwaya laini za kusugulia masufuria (zile ngumu zinazong'aa sana ambazo hazishiki kutu haziwaki vizuri, kwa hiyo ukitaka kurudia jaribio hili tafuta zile laini zinazoshika kutu haraka), akalichambua kidogo ili hewa ipite katikati, akaliweka kwenye kisahani cha bati juu ya mizani ya kidijitali ambayo ilikuwa imeshasawazishwa na kisahani chake. Ikasoma gramu 4.00. Swali likawa moja tu: nikilichoma hili bonge mpaka likome kuwaka, likapoa, nikalirudisha hapa pamoja na kila kipande kilichodondoka, mizani itasoma pungufu, itasoma vilevile, au itasoma zaidi? Kila mtu aandike jibu na sababu yake kwenye daftari kabla hajaongea na jirani.

Hiyo ya kuandika kabla ya kuongea ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Kila darasa lina wale wawili watatu ambao wakisema kitu wengine wote wanabadilisha, na hapo hutajua tena nani alikuwa anafikiria nini.

Wengi sana wakaandika pungufu. Sababu zao nilizisoma nikipita nyuma ya mabega yao: kitu kikiungua kinaisha, kitageuka jivu na jivu ni jepesi, moshi utaondoka na sehemu ya chuma. Kundi dogo wakaandika vilevile, na karibu wote sababu yao ilikuwa sentensi ileile ya kanuni waliyoikariri. Wachache kabisa wakaandika zaidi, mmoja kwa sababu masizi ya moto yatagandia kwenye nyuzi, mwingine kwa sababu, namnukuu, "moto utaingia ndani ya chuma."

Mwalimu akalishika bonge kwa koleo juu ya kisahani, akaligusisha kwenye kichomeo kisha akalitoa. Wanaojua jaribio hili wanajua lilivyo zuri kuliangalia, hakuna ulimi wa moto kabisa na hakuna moshi, ni cheche za rangi ya chungwa tu zinatambaa uzi mmoja hadi mwingine, zinaingia ndani zinatokea upande wa pili, na kule zilikopita nyuzi zinabaki nyeusi zenye kijivu cha samawati na ukizigusa zinavunjika zenyewe. Akasubiri ipoe kabisa, manake kitu cha moto kikiwa juu ya mizani kinasababisha hewa ipande pembeni yake na namba zinachezacheza. Akarudisha kila kitu. Gramu 4.52.

Kelele za kwanza zilikuwa "mizani mbovu." Mwalimu hakubishana nao, akatoa jiwe la mizani la gramu 50, akaliweka, ikasoma 50.00. Akachukua bonge jingine la gramu 4.00, hili akalichambua zaidi, akachoma, ikaja 4.81. Mizani ikawa imeshajitetea yenyewe na darasa likanyamaza kidogo, alafu maelezo yakaanza kumiminika, na hapo ndo nilianza kuandika kwa kasi.

Maelezo niliyoyasikia: chuma kimegeuka kaboni ndo maana ni cheusi. Gesi ya kwenye kichomeo imeacha masizi. Joto limeingia na joto lina uzito. Atomi za chuma zimeungua zimekuwa nyeusi na zimevimba. Mmoja akasema oksijeni, lakini mwalimu alipomuuliza oksijeni imefanya nini akajibu "imesaidia kuwaka," basi, imesaidia ikaondoka, kama mtu aliyekuja kushika tochi.

Sasa hapa nataka tusimame, kwa sababu kuna jambo moja ambalo kwangu ndo uti wa mgongo wa kisa chote. Mwalimu aliliomba darasa liandike mlinganyo wa chuma na oksijeni. Kijana mmoja akaenda ubaoni akaandika 3Fe + 2O₂ → Fe₃O₄ (Fe ni chuma, O ni oksijeni), akabalansi, sahihi kabisa, akarudi kukaa. Huyuhuyu kijana kwenye daftari lake alikuwa ameandika pungufu! Yaani upande wa kushoto ameweka atomi nne za oksijeni, upande wa kulia zimeshikana na chuma, amezihesabu kwa mkono wake mwenyewe, na bado haioni sababu ya lile bonge kuongezeka uzito. Kwake O₂ ni herufi inayokaa kwenye mlinganyo ili hesabu itoke, sio kitu chenye uzito kilichotoka kwenye hewa ya chumba kile kikaenda kukaa kwenye zile nyuzi.

Kwa hiyo tatizo la hawa watoto sio kwamba hawaijui kanuni. Wanaijua. Tatizo ni kwamba gesi hawaihesabu kama kitu. Wanajua kusema hali tatu za maada ni yabisi, kimiminika na gesi, lakini vichwani maada ni ile unayoishika, na gesi ni hali ya kitu kutokuwepo. Mtu mwenye picha hiyo kila mabadiliko ya kikemia yanayohusu gesi yatamchanganya, gesi ikitoka ataona kitu kimepotea, gesi ikiingia ataona miujiza, na ukimbana na kanuni atakuambia vilevile bila kufikiria chombo kiko wazi au kimefungwa. Lile kundi la vilevile lilinisikitisha kuliko la pungufu kusema kweli, kwa sababu wale wa pungufu angalau walikuwa wanatumia walichowahi kukiona maishani, hawa walikuwa wametoa kanuni sahihi wakaiweka mahali ambapo mlango uko wazi na hawakuuangalia mlango.

Na tusiwaone wajinga. Yule aliyesema moto umeingia ndani ya chuma amesimama palepale aliposimama mwanasayansi Robert Boyle mwaka 1673, ambaye alichoma metali ndani ya vyombo vya kioo vilivyofungwa, akavifungua, akapima, akakuta uzito umeongezeka, akahitimisha kwamba chembe za moto zimepenya kwenye kioo. Alipofungua chombo hewa iliingia kwa kishindo lakini hakuiweka kwenye hesabu. Baadaye ikaja nadharia ya flojistoni, kwamba kitu kikiungua kinatoa kitu fulani kilichokuwa ndani yake, na ilipoonekana wazi kwamba metali zikichomwa zinaongezeka uzito (mwanakemia Guyton de Morveau alilionyesha hilo kwa vipimo makini mwaka 1772), kuna waliokuwa tayari kusema hiyo flojistoni ina uzito wa kinyume, yaani chini ya sifuri, kuliko kukubali kwamba hewa ndo imeingia. Watu wazima, wasomi, wenye mizani nzuri. Aliyefungua fundo ni mwanakemia Antoine Lavoisier, ambaye mwaka 1774 alichoma bati ndani ya chombo kilichozibwa, akapima kabla ya kukifungua, uzito haukubadilika hata kidogo, akafungua, hewa ikaingia, na uzito ulioongezeka ukalingana na ile hewa iliyoingia. Tofauti yake na Boyle ni wakati wa kupima tu, kabla au baada ya kufungua.

Mwalimu alikuwa na njia mbili hapa. Ya kwanza ni ile ambayo wengi wetu tungeishika, kueleza: jamani, oksijeni imeungana na chuma, tumepata oksaidi ya chuma, andikeni. Wangeandika. Yeye akaifunga mada ya chuma kabisa, akasema tutarudi, akaanza kupima gesi.

Alianza na bikaboneti ya soda na siki. Chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, ile ngumu ya soda inayohimili presha, ndani siki kidogo, alafu gramu 2 za bikaboneti kwenye karatasi nyembamba iliyosokotwa. Akaweka vyote juu ya mizani pamoja na kifuniko, akaandika uzito ubaoni, akatumbukiza karatasi akafunga haraka. Povu likaja, chupa ikawa ngumu kama jiwe, mizani haikusogea. Watoto wakaguse chupa wenyewe. Alafu akalegeza kifuniko, fsss, mizani ikashuka kwa zaidi ya nusu gramu. Hakuna tone lililomwagika, hakuna kilichoonekana kutoka. Akawauliza nini kimetoka kwenye hii mizani. (Gramu 2 ni kipimo cha kuheshimu, zinatoa gesi kama nusu lita hivi na chupa ya namna hiyo inaihimili vizuri, usije ukaongeza mara tano ukafunga.)

Kisha akaja na namba ambayo nadhani ndo iliwageuza wengi. Hewa ya kawaida chumbani ina uzito wa kama gramu 1.2 kwa lita, yaani kilo 1.2 kwa kila mita ya ujazo. Akawapa tepu wapime darasa: urefu mita 8, upana 6, kimo 3. Wakazidisha wenyewe, mita za ujazo 144, mara 1.2, kilo karibu 173. Hewa iliyomo humu ndani inazidi uzito wa wanafunzi wawili, pengine watatu. Binti mmoja akarudia hesabu kwenye kikokotoo akidhani amekosea nukta.

Baada ya hapo ndo akakirudia chuma, safari hii bila moto, kwa sababu kuchoma kitu ndani ya chombo kilichofungwa shuleni ni kutafuta kioo kipasuke usoni mwa mtoto. Akatumia kutu. Nyuzi zilezile za chuma zikalowekwa kwenye siki dakika chache, zikakamuliwa, zikaingizwa kwenye flaski ya kioo ya mililita 500, kizibo cha mpira kikakazwa, flaski nzima ikapimwa, ikaachwa mpaka siku iliyofuata. Kesho yake nyuzi zimeshageuka rangi ya udongo mwekundu, watoto wanaona kabisa kwamba kitu kimetokea humo ndani, na mizani inasoma palepale. Akafungua kizibo, kikavuta kidogo alafu kikaachia, na namba zikapanda.

Zilipanda kwa sehemu ya kumi ya gramu hivi, na nilifurahi kwamba hakuacha hiyo namba ipite hivihivi. Flaski ya mililita 500 ina hewa ya kama gramu 0.6, na oksijeni ni kama asilimia 23 ya uzito wa hewa, kwa hiyo oksijeni yote iliyokuwa humo haizidi gramu 0.14. Chuma kikiimeza karibu yote, hewa ya nje itaingia kujaza nafasi, na ndo hiyo tunayoiona kwenye mizani. Wanafunzi wakaona namba waliyoikokotoa kabla inakaribiana na namba iliyotoka. Unahitaji mizani inayosoma mpaka 0.01, na unahitaji chombo cha kioo. Ukitumia chupa ya plastiki itabonyea oksijeni ikipungua, ujazo wake utakuwa mdogo, itaelea pungufu kuliko mwanzo kwenye bahari ya hewa inayoizunguka, yaani hewa itaibeba kwa nguvu pungufu, na mizani itapanda kabla hujafungua kitu. Utakuwa umewafundisha kwamba kanuni haifanyi kazi, na kosa litakuwa la chupa. Ni sababu hiyohiyo inayofanya lile jaribio la kupima uzito wa hewa kwa puto lisiaminike, puto likijaa linasukuma hewa ya nje na sehemu kubwa ya uzito wa hewa ya ndani haionekani kwenye mizani. Mpira mgumu wa miguu unafaa zaidi, ukishakuwa umejaa umbo lake ukaendelea kuupiga pampu unaongezeka uzito bila kuongezeka ukubwa.

Sasa turudi kwenye yule aliyesema atomi za chuma zimeungua zimekuwa nyeusi. Hili ni jambo la pili, na halitibiwi na mizani. Huyu mtoto amekubali kwamba kuna atomi, lakini atomi yake ni kipande kidogo sana cha chuma, kigumu, cha kijivu, kinachoweza kupata moto na kubadilika rangi. Atomi moja ya chuma haina rangi tunayoiona kwenye bonge, haina ugumu, haishiki kutu. Vyote hivyo vinatokana na atomi nyingi mno zikiwa zimepangana na kushikana kwa namna fulani. Kwenye zile gramu 4 mna atomi za chuma zaidi ya 4 ikifuatwa na sifuri 22, na baada ya kuungua zipo zote, idadi ileile, ni za chuma vilevile, hakuna hata moja iliyoteketea. Kilichobadilika ni zimeshikana na nani na zimepangwaje.

Mwalimu akawapa vifuniko vya chupa vya rangi mbili, nyekundu chuma, vyeupe oksijeni, vyeupe vikiwa vimegundishwa viwiliviwili. Jenga kabla, jenga baada, usitupe kifuniko na usiongeze. Hapo yakajitokeza mambo ambayo kwenye daftari yasingeonekana. Kuna kikundi walikuwa wameandika Fe + O₂ → FeO₂ ili kukwepa kubalansi, manake ukibadilisha ile namba ndogo ya chini hesabu inatoka haraka, lakini kwenye vifuniko waliposhindwa kunionyesha hicho kitu kwenye orodha ya oksaidi za chuma walizopewa wakaelewa kwamba namba ndogo inasema kitu chenyewe ni kipi, na namba kubwa ya mbele inasema vipo vingapi. Kikundi kingine walijenga Fe₃O₄ kama kifurushi cha vifuniko saba kinachoelea peke yake. Hilo mwalimu alilisahihisha taratibu kwa kuunganisha vikundi vyote meza moja, mpangilio mmoja mkubwa unaoendelea, uwiano 3 kwa 4, bila kuonyesha kifurushi kinaanzia wapi. Na mimi naunga mkono asilimia mia, kwa sababu tukiacha kila kitu kiwe molekuli, yaani kifurushi cha atomi kinachojitegemea, chumvi na oksaidi zitawasumbua mwaka mzima unaofuata.

Wakati wanafanya hayo mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini basi haikufika 5.5, kwa sababu alishapiga hesabu: gramu 4 za chuma zote zikigeuka Fe₃O₄ zinatakiwa ziwe gramu 5.53. Swali tamu kweli. Mwalimu akapasua lile bonge la kwanza, katikati nyuzi bado zinang'aa, moto haukufika. La pili lililochambuliwa zaidi lilifika 4.81 kwa sababu hiyohiyo, hewa ilipenya zaidi. Na ukitaka nyongeza, hiyo Fe₃O₄ ndo ileile iliyomo kwenye madini ya magnetiti yanayochimbwa ili kupata chuma, ambapo kwenye tanuri wanaitoa oksijeni kwa kutumia kaboni na chuma kinarudi.

Hapo ndo nina ugomvi na lile jedwali tunaloliandikisha watoto, upande mmoja mabadiliko ya kifizikia yanarudi nyuma, upande wa pili mabadiliko ya kikemia hayarudi nyuma. Sio kweli. Kila kipande cha chuma unachokiona kimetokana na mabadiliko ya kikemia kurudishwa nyuma. Betri ya simu inafanya hivyo kila siku ikichajiwa. Fuwele za bluu za kopa salfeti (chumvi ya shaba) ukizipasha moto zinakuwa nyeupe, ukidondoshea maji zinarudi bluu. Mwanafunzi aliyekariri jedwali anaanza kuuliza je inarudi nyuma, wakati swali linalotakiwa ni je, chembe zilizokuwa zimeshikana hivi sasa zimeshikana vingine? Mwenzangu aliliondoa jedwali hilo kwenye notsi zake, na vipindi vilivyookolewa ndo alivyotumia kupima gesi, kwa hiyo wanaosema hakuna muda wa majaribio haya waangalie muda wanaoutumia kuandikisha vitu ambavyo itabidi vifutwe baadaye.

Kuna watakaouliza kwa nini asingeanza na karatasi, kila mtu ameona karatasi ikiungua. Ni kweli, na hiyo ndo shida yake. Karatasi ikiungua mizani inashuka, mtoto aliyesema pungufu anapata anachokitaka na anaondoka na picha yake ileile. Chuma kinamkatalia kwanza. Karatasi ililetwa mwishoni kama hesabu: kwa kila gramu 1.62 za selulosi, ambayo ndo sehemu kubwa ya karatasi, zinaingia gramu 1.92 za oksijeni, na zinatoka gramu 2.64 za kaboni dayoksaidi na gramu 0.90 za mvuke wa maji. Jumlisha kila upande, 3.54. Kilichopaa hewani kina uzito zaidi ya mara mbili ya karatasi iliyokuwepo! Watoto waliosema wiki hiyohiyo kwamba karatasi inaisha wakawa wanaiandika hiyo hesabu wenyewe.

Je, wote walielewa? Hapana. Mwalimu aliwapa swali la mti: mwanasayansi Jan Baptist van Helmont, kwenye maandishi yaliyochapishwa 1648, alieleza alivyopanda mti kwenye pauni 200 za udongo, akaumwagilia maji tu kwa miaka 5, mti ukatoka pauni 5 ukafika 169 na udongo ukapungua aunsi mbili tu, akasema uzito wote umetoka kwenye maji. Amesahau nini? Wengi wakasema hewa, na wengine wakaenda mbali zaidi wakataja kaboni dayoksaidi. Lakini wachache wakaandika maji na rutuba, na binti mmoja akaandika kitu nilichokifikiria muda mrefu: hewa ina uzito ikiwa ndani ya chupa, ikiwa nje haina kwa sababu inaelea.

Ukiangalia vizuri hilo jibu lina mantiki. Kila gesi aliyoiona ikipimwa ilikuwa imefungwa. Mpira, chupa, flaski. Ushahidi wote aliopewa unakubaliana na wazo lake, na hakuna mahali popote alipoonyeshwa gesi iliyo huru ikifanya kitu ambacho kitu chenye uzito hufanya. Hili ni pengo la somo, sio la mtoto, na mwenzangu alilipokea hivyo.

Kipindi kilichofuata akaleta jagi lenye bikaboneti na siki, povu likatulia, akawasha mshumaa mfupi mezani, akainamisha jagi taratibu juu yake bila kimiminika kufika mdomoni. Mshumaa ukazimika. Kaboni dayoksaidi ina kama gramu 1.8 kwa lita, mara moja na nusu ya hewa, kwa hiyo inamwagika na kushuka bila kufungwa na chochote. Yule binti akaomba afanye yeye, akamwagia gesi kwenye bika tupu kwanza, alafu kutoka kwenye bika akamwagia kwenye mshumaa, ukazimika tena. Akaandika upya jibu la mti bila kuambiwa.

Kilichobaki ni rangi za atomi. Kwenye zoezi la mwisho bado kuna michoro ambayo vifuniko vya chuma baada ya kuungua vimepakwa rangi nyeusi, na wengine wamevichora vikubwa zaidi. Mwenzangu amepanga kutumia kopa salfeti kwa hilo, bluu kwenda nyeupe kurudi bluu, na kuwauliza kama atomi za kopa zilibadilika rangi mara mbili au ni maji yaliyoshikana nazo yaliyotoka na kurudi. Na kwa darasa linalokuja kupima gesi kutahamia mwanzo kabisa, kwenye hali za maada, kabla hawajaona mlinganyo hata mmoja, na jagi la kumwaga litakuja siku moja na chupa ya kufunga.